Walivyogawana Boksi Spana ya Baba

Siku wanaume wa kwetu walipogawana boksi spana ya baba, mimi nilipewa sanduku lake. Tupu. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza kikao, alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasema, "Binti yangu, na wewe usiondoke mikono mitupu. Hili litakufaa kuwekea sindano na nyuzi."

Sindano na nyuzi! Mimi ni fundi wa magari. Nina gereji Daraja Mbili, ile ile aliyoiacha baba, na pikapu ya huyo huyo baba mdogo nimeshailalia chini kila msimu wa mvua tangu ainunue. Kushona sijui hata kifungo. Alilijua hilo vizuri kabisa, na bado akanipa sanduku la sindano mbele ya ukoo mzima, akitabasamu.

Nieleze kwanza hiki kifaa, maana asiyekijua atadhani niligombania vyuma tu.

Boksi spana si spana nyingi. Ni spana moja yenye vichwa vingi. Kuna mpini mmoja, ndio racheti, ambao mwishoni una kichwa cha mviringo, na kwenye kichwa hicho kimechomoza kijiti cha pembe nne. Halafu kuna soketi, vikombe vya chuma, kila kimoja na saizi yake. Upande mmoja soketi zote zina tundu la pembe nne linaloingia kwenye kile kijiti, na hapo zinafanana, kuanzia ya namba kumi mpaka ya thelathini na mbili. Upande wa pili ndipo zinapoachana, kila moja na nati yake. Ubavuni mwa kijiti kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi, kwa hiyo ukibandika soketi unasikia imeshika, na haidondoki hata ukiwa umelala chali chini ya gari na mikono iko juu.

Ndani ya kichwa cha racheti kuna gia ndogo yenye meno, na kuna ulimi wa chuma unaoyashika meno hayo upande mmoja na kuyaachia upande mwingine. Ukivuta, nati inazunguka. Ukirudisha, ulimi unarukaruka juu ya meno, kri-kri-kri, na nati inabaki pale pale. Kwa hiyo mahali ambapo mkono haupati nafasi ya kuzunguka, unachezesha mpini mbele na nyuma kidogo kidogo, na nati inatoka bila kuchomoa spana hata mara moja. Mgongoni kuna kiswichi: kigeuze huku unafungua, kigeuze kule unakaza. Aliyebuni kitu hiki simjui, ila nina hakika alikuwa mtu aliyewahi kuchubuka vidole.

Baba aliinunua mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi mwenye kilemba, zamani nikiwa bado shule. Nilikuwa naye. Baba alitaka soketi moja tu, ya kumi na saba. Yule mzee alikataa katakata. Alisema akitoa moja, zilizobaki atamuuzia nani? Baba akalalamika, akaondoka, akajipanga, akarudi kuchukua zote na sanduku lake la kijani, ambalo ndani lina vishimo vya kila soketi na namba imeandikwa chini. Jioni hakuna kufunga gereji mpaka kila kishimo kiwe kimejaa. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kubadilisha oili.

Sasa mfanyabiashara alikataa kuitawanya kwa ajili ya faida yake. Familia yangu iliitawanya kwa upendo!

Kikao kilifanyika nyumbani, magharibi ya Mlima Meru, sebuleni kwa yeyo, yaani mama yetu, baada ya ibada ya shukrani. Tulishakula loshoro, watu wameshiba, na baba mdogo alikuwa na hofu moja kubwa. Majirani zetu walikuwa wamepelekana mahakamani ndugu kwa ndugu kwa sababu ya shamba, na yeye aliapa kwamba kwa marehemu kaka yake haitatokea. Kila mtoto wa kiume apate sawa na mwenzake. Ng'ombe wakagawanywa hivyo, mbuzi hivyo, makoti na majembe hivyo. Mabinti, kwa desturi yetu, tunakaa kusikiliza.

Alipofungua lile sanduku uso wake uling'aa. "Angalieni jinsi Mungu alivyo mwema," alisema. "Vinatosha kila mtu."

Kwetu fimbo ya baba inarithiwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Baba mdogo akainua racheti, akaipima mkononi, akatamka kwamba hii nayo ni fimbo, fimbo ya kazi ya marehemu, na akampa kaka yangu mkubwa. Soketi kubwa akampa kaka wa pili. Soketi ndogo akampa mdogo wetu wa mwisho. Ile fito ndefu ya kuungia, inayokaa kati ya racheti na soketi pale nati inapokuwa mbali, akaichukua yeye mwenyewe, kwa niaba ya ukoo.

Sikuweza kunyamaza. "Baba mdogo, samahani. Hicho ni kitu kimoja."

"Binti yangu, mbona mimi naona vingi?"

"Ni kimoja. Mpini bila soketi haufanyi kazi. Soketi bila mpini ni vikombe tu. Na mimi ndiye ninayeitumia kila siku. Kesho nina gari limepaki gereji, nitalifungua na nini?"

Kaka mkubwa akanikatiza. "Dada, tusilete maneno kwenye msiba wa mzee." Wengine wakaitikia kwa kichwa. Yeyo alikuwa anaangalia sakafu. Ndipo nikapewa sanduku.

Tuone basi walizifanyia nini. Kaka mkubwa anakaa Sekei na ni dalali wa viwanja. Racheti aliitundika ukutani juu ya televisheni, pembeni ya picha yake ya harusi. Kaka wa pili ana duka Terrat, na ile soketi ya thelathini na mbili, chuma cha kufungulia nati ambazo hazilegei mpaka mwanamume mzima aning'inie kwenye mpini, aliifanya kizuizi cha mlango usibamizwe na upepo. Mdogo wetu anaendesha bodaboda, akaitia namba kumi kwenye funguo zake kama pambo. Na baba mdogo, kwa niaba ya ukoo, aliikita ile fito ardhini akawa anafungia ndama.

Ndama!

Mimi nilinunua nyingine. Siku hizi maduka yamejaa racheti zinazong'aa utafikiri zimetengenezwa kwa ajili ya kupigwa picha. Meno ya ndani ni laini. Unavuta kwa nguvu zako zote, ulimi unaruka, mpini unakuponyoka na ngumi yako inakwenda kukutana na rejeta. Soketi zake nazo zina kona nyingi ndogo ndogo badala ya sita, hazikumbatii nati, zinaiparua tu mpaka inakuwa duara, na nati ikishakuwa duara shika patasi na uombe Mungu. Nina kovu kwenye kifundo cha kidole mpaka leo. Ikabidi niwe naenda kuomba spana kwa mafundi wa jirani, nao kila mara wananiuliza swali lile lile: "Kwani ile ya mzee iko wapi?" Ningejibu nini? Iko ukutani Sekei, inaangalia taarifa ya habari?

Wateja wa baba walianza kupungua. Siwalaumu. Nani atasubiri kutwa nzima fundi akizunguka mtaa kutafuta kumi na nne?

Halafu mashine ya yeyo ikafa. Ni mashine ya kusaga, ya dizeli, na ndiyo inayomtunza mama yetu. Ilikuwa wakati wa mavuno, wanawake wamepanga madebe ya mahindi uani. Nilipofika kuiangalia nikaona imeunguza gasketi ya kichwa cha injini. Kuifungua ni kazi ya saizi mbalimbali, na nati za nyuma zimejificha kati ya bomba la moshi na ukuta, mahali ambapo spana ya kawaida haigeuki. Niliwapigia simu wote, akiwemo baba mdogo, nikawaambia waje Jumapili baada ya ibada, kila mtu na urithi wake.

Walikuja. Kaka mkubwa alikuwa na suti na ameifunga racheti kwenye taulo. Fito ya ukoo ilikuwa na udongo na mavi ya ng'ombe, nikaiosha kwa dizeli bila kusema neno, kwa sababu neno nililokuwa nalo halikufaa siku ya Bwana. Nikafungua sanduku la kijani na kurudisha kila soketi kwenye kishimo chake. Kumi kwenye kumi. Kumi na saba kwenye kumi na saba. Nilifurahi jamani, nisiseme uongo. Nikaanza kazi, na racheti ilipoanza kulia nyuma ya injini, kri-kri-kri, yeyo alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

"Nilidhani ni baba yenu," alisema, akarudi ndani.

Nilibadilisha gasketi, nikarudisha kichwa cha injini, nikaziingiza nati zote kwa vidole. Kilichobaki ni kuzikaza tu. Hapo mdogo wetu, ambaye alikuwa na abiria anamsubiri, akanyoosha mkono. "Dada, basi nipe ile kumi yangu niwahi."

Yangu! Nilisimama, nikafuta mikono.

"Sawa," nikasema. "Kila mtu achukue chake. Na kila mtu akaze nati yake."

Nikawagawia, kwa utaratibu ule ule wa baba mdogo, mkubwa kwanza. Walidhani ni utani. Nikakaa juu ya debe la mahindi. Kaka mkubwa akainama na suti yake, akaweka kile kijiti cha pembe nne juu ya nati, akazungusha, racheti ikalia vizuri sana na nati haikutikisika. Kaka wa pili akabandika soketi na kuizungusha kwa vidole mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mdogo wetu, aliyekuwa ameshaitia tena kumi kwenye funguo zake, naye hivyo hivyo, soketi ikimteleza na funguo za pikipiki zikigongana. Baba mdogo alishika fito yake wima, akaonekana mzee wa heshima, basi. Wanawake wenye madebe walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Mashine ya mama yangu ilikuwa wazi mbele yao na walikuwa na kila kitu kinachohitajika kuifunga.

Mdogo wetu ndiye aliyeanza. Aliichomoa kumi kwenye funguo zake, akaitafutia kishimo chake sandukuni, akaiweka. Kaka wa pili akafuata. Baba mdogo akafikiria, akaweka. Kaka mkubwa alikuwa wa mwisho, akaishika racheti kifuani, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Dada, tumeelewa," alisema. "Basi sisi kama wanaume wa boma hili tumekubaliana. Tunakuazima."

Baba mdogo akapiga makofi. "Vizuri sana. Na siku akifunga gereji, zirudi hapa nyumbani."

Tunakuazima. Nilitazama lile sanduku, ambalo ndilo pekee lililokuwa langu kwa mujibu wa kikao, sasa limejaa vitu vya watu. Nilikuwa na maneno mengi. Lakini madebe yalikuwa yanasubiri na yeyo alikuwa jikoni anapika kwa ajili yetu sote. Nikaichukua racheti mkononi mwa kaka yangu, nikageuza kiswichi, nikakaza nati za mashine moja baada ya nyingine.

Ipo gereji sasa, na kila jioni vishimo vinajaa. Kaka zangu wakipita wanachungulia sandukuni kabla ya kunisalimia. Juzi fundi mmoja mgeni hapa mtaani alikuja kuomba kumi na saba, akaishika racheti, akaizungusha karibu na sikio, akaona si ya siku hizi. Akaniuliza kama ni yangu.

Nikamwambia si yangu. Ni ya wanaume wanne ambao hawajui hata upande upi unafungua.