Risasi na Maji ya Kifua

Babu yangu Melkiori alikuwa mtu wa kuchosha. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana mimi ndiye niliyempikia uji miaka yake ya mwisho, na nilimpenda kuliko watu wengi wenye majibu mafupi. Ukimuuliza kama samaki ameiva, hakukwambia ameiva. Alikwambia upande huu umeiva, wa pili hajaugeuza. Jina la Melkiori alibatizwa nalo uzeeni, lakini nitamwita hivyo tangu mwanzo, na wenzake nitawaita kwa majina waliyojulikana nayo kanisani baadaye, nisije nikajichanganya mwenyewe.

Wakati wa Wajerumani alikuwa mvushaji kwenye kivuko cha mto Kilombero, upande wa Ifakara. Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, alichomeka upondo wake mahali patatu kuona kama mchanga umehama. Wavushaji wenzake walimcheka. Mto wamezaliwa nao, wa kupima nini? Msafiri akiuliza kama kuna mamba, wao walisema hakuna, panda twende. Babu alisema, "Leo sijamwona. Kama yupo, sijui." Msafiri alipanda mtumbwi wa jirani. Bibi yangu aligomba mpaka sauti ikamkauka, kwamba mdomo wa mume wake utawaua kwa njaa watu wazima na watoto.

Kiangazi kimoja, mwaka kabla ya vita, Mjerumani mmoja alifika kivukoni na askari wake, akamwona kiboko, akaanza kumpiga risasi. Kiboko akazama. Risasi zikafuata majini moja baada ya nyingine, halafu kiboko akaibuka mbali, akapiga chafya, akaenda zake. Watu walicheka wakarudi kwenye kazi zao. Babu hakucheka, kwa sababu alikuwa anajiuliza risasi zimekwenda wapi. Kesho yake alizamia, akapata moja imelala mchangani, nzima, haina hata mkunjo.

Mtu mwingine angeishia hapo. Babu alimfuata askari mmoja aliyeachwa nyuma kwa sababu ya homa, akampa kambale wawili wa kubanika, akamwomba ampigie risasi tatu mtoni. Alikuwa amezamisha vibuyu vitatu kwa mawe. Cha kwanza kilikuwa chini ya maji ya kina cha kiganja, cha pili chini ya maji ya kiuno, cha tatu chini ya maji ya kifua. Cha kiganja kilipasuka vipande. Cha kiuno kilitoboka. Cha kifua kilitoka kizima, na risasi ilikuwa kando yake. Babu alifurahi kama aliyepata mtoto. Aliwaeleza watu wa kivukoni habari yote tangu mwanzo, na kabla hajafika kwenye kiuno walikuwa wameshaondoka.

Mwaka uliofuata, 1905, habari za dawa ya maji zilifika bondeni. Watu walikuwa wamechoshwa na mashamba ya pamba na kuchapwa viboko humo. Waganga walisema atakayenyunyiziwa maji yale na kushika miiko, risasi ya Mjerumani itamteleza. Siku moja wanaume watano walipanda mtumbwi wa babu wakaipokee dawa ng'ambo. Katikati ya mto, Hermenegildi, aliyekuwa ameketi mbele, aligeuka.

"Mvushaji, wewe unapima kila kitu. Hebu tuambie kweli. Maji yanaweza kuzuia risasi?"

"Yanaweza," babu akasema. "Nimeona kwa macho yangu."

Walishangilia mpaka mtumbwi ukataka kupinduka. Mmoja alimkumbatia miguu. Babu alikuwa bado na maneno mdomoni, ya kiganja na kiuno na kifua, na akayameza. Alinieleza mwenyewe bila kujitetea. Maisha yake yote watu walikuwa wanamkimbia akifungua mdomo, na siku ile walimtazama kama mtu. "Ilikuwa tamu, mjukuu wangu," aliniambia. "Tamu sana." Hapo namkasirikia mpaka leo, halafu namkumbuka alivyokuwa akikunja vidole akisema hivyo, na hasira inaniishia.

Neno lilienea upesi kuliko dawa yenyewe. Melkiori amesema, na Melkiori hasemi asilolijua. Babu alikuwa amelala kivukoni siku nne kwa wingi wa abiria, na siku ya tano alipofika nyumbani hakumkuta mdogo wake Wendelin. Wazazi wao walikufa Wendelin akiwa bado anatambaa, na babu ndiye aliyemlea. Bibi alisema ameondoka na gobore la marehemu baba yao. Aliacha ujumbe kwamba kaka asiogope, alichokiona yeye kinatosha.

Babu hakukaa hata kunywa maji. Alivuka, akashika njia ya Mahenge, akamkuta Wendelin huko Lupiro, ameshanyunyiziwa, anapumzika nyuma ya wenzake.

"Rudi nyumbani," babu akasema. "Sikumaliza kusema."

"Kumaliza nini, kaka?"

Babu akamweleza vibuyu vyote vitatu, na safari hii alifika mwisho. "Yaliyozuia risasi ni maji ya kifua. Ya kiganja yalishindwa. Wewe una matone."

"Yale yalikuwa maji ya mtoni tu. Hii ni dawa."

"Inawezekana. Dawa sijaipima."

"Kwa hiyo hujui kama haizuii."

"Sijui," babu akasema.

Ningekuwa mimi ningedanganya. Ningesema nimemwona mtu wa Kiberege amenyunyiziwa na amekufa, na ningemvuta ndugu yangu kwa sikio mpaka nyumbani. Babu uwongo haukumjia. Alimuuliza Wendelin, "Mtu akinyunyiziwa halafu akafa, mganga anasema nini?"

"Anasema alivunja mwiko. Alilala na mkewe, au aligeuka kutazama nyuma."

"Na kama hakuvunja?"

Wendelin akafikiri. "Atasema alivunja."

"Basi tupime wenyewe. Mimi nimelala kivukoni siku nne, na shemeji yako sijamgusa. Kutoka mtoni mpaka hapa sijageuka nyuma." Babu alikwenda kwenye chungu cha dawa, akapiga magoti, akanyunyiziwa kama wengine. Akarudi, akahesabu hatua kumi, akasimama akimkabili mdogo wake. "Nipige."

Wendelin aliinua gobore. Akalishusha. Akaliinua tena. Babu aliniambia kilichomtisha zaidi ni kwamba jibu hakuwa nalo. Huenda dawa ingezuia. Alisimama pale akitaka kujua, na akitaka kuishi.

"Siwezi, kaka."

"Kwa nini? Si inazuia?"

"Na kama haizuii?"

"Sasa tuko sawa," babu akasema. "Mimi sijui na wewe hujui. Twende nyumbani."

Walirudi pamoja, Wendelin akilia kwa aibu njia nzima. Waliosonga mbele walifika kwenye boma la Mahenge, na huko walipokewa na bombomu, bunduki za Wajerumani za kumimina risasi mfululizo. Mengine yanajulikana, sitayarudia. Baada ya vita ilikuja njaa, na watu walichimba mizizi porini, na kivuko kikakosa abiria.

Katika njaa hiyo alikuja mwanamke mmoja, Digna, mjane wa Hermenegildi, yule aliyeketi mbele mtumbwini. Alipanda mtumbwi bila kusema anakwenda wapi. Walipofika katikati ndipo alipofungua mdomo.

"Mdogo wako ulimfuata mpaka Lupiro. Mume wangu hukumfuata. Ulishindwa nini?"

Babu aliacha kusukuma upondo. "Sikumkumbuka, mama," akasema. "Nilimkumbuka ndugu yangu tu."

Babu alimrudisha ukingoni, akafunga mtumbwi, akaanza kuzunguka kwenye nyumba za wenzake wanne wa Hermenegildi aliowavusha siku ile. Kila nyumba alieleza alichosema na alichokiacha. Watatu kati yao walikuwa wamekufa kama Hermenegildi. Nyumba moja walimmwagia maji machafu. Nyingine mama wa marehemu alimpa kipande cha mzizi uliochemshwa, akala naye, na babu alisema kile kilikuwa kigumu kumeza kuliko matusi. Nyumba ya mwisho, ya Fulgensi, wa tano wao, alitoka mwenyewe, mzima, mkono mmoja umekauka.

"Ulidhani nilikwenda vitani kwa ajili ya vibuyu vyako?" Fulgensi akasema, akageuka kumwonyesha mgongo. Alama za viboko vya shamba la pamba zilikuwa zimejipanga toka mabegani mpaka kiunoni. "Ningekwenda hata ungesema maji hayo yanavuta risasi. Acha kujikuza, mvushaji."

Babu alilia pale pale mlangoni, kwa nafuu. Hakujua kama walikwenda kwa neno lake au kwa migongo yao, na kutokujua huko, kwa mara ya kwanza, kulimfaa. Alikwenda mbio kwa Digna. Alimkuta ameinama shambani anapanda mpunga kidogo aliouficha njaa nzima, akamweleza maneno ya Fulgensi yote bila kuacha hata moja.

Digna alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajinyoosha.

"Fulgensi ajisemee mwenyewe," akasema. "Wangu alitaka kubaki. Mimi ndiye niliyemwambia nenda, Melkiori amesema."

Babu alichukua jembe lililokuwa limelala kwenye tuta, akaanza kulima mstari uliobaki. Tangu mwaka ule mpaka miguu ilipokataa, mvua za kwanza zikinyesha alilima shamba la Digna kabla ya letu, na bibi yangu, aliyegomba kwa kila kitu chini ya jua, kwa hilo hakugomba.