Fundi aliyepungukiwa na shubiri

Saa moja na nusu asubuhi, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Shubiri ameshainuka kitini mara nne. Anachungulia mlangoni, anarudi, anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Majibu ya damu yalikuwa yatoke jana, na simu haijalia.

Jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini na moja alipima suruali kwa shubiri, yaani kiganja kilichotanuliwa, kuanzia kidole gumba hadi kile cha mwisho, na ilikukaa utadhani umezaliwa nayo. Wenye tepu aliwacheka waziwazi.

Mwaka jana akakata sare sitini za shule. Zote zikatoka fupi, watoto wakawa kama wanaovuka mto. Fundi akawaka. Alilaumu kitambaa, kisha akamgeukia bintiye anayeshona naye, akamwambia hana macho. Binti aliushika mkono wa baba yake, akaulaza juu ya meza ya kukatia. Haukulala. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na fundi wa watu hana habari, maana haviumi.

"Nilimtukana mwanangu kwa kosa la mkono wangu," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Hospitalini, daktari alimsikia akihema kwa ngazi chache tu, akauliza habari za ukoo. Baba na shangazi wa fundi walikufa kwa kifua, na sigara hawakuijua. Daktari akaagiza damu ipimwe protini inayokinga mapafu. Upungufu wake hurithiwa, alieleza, na wapo wanaoshuku kwamba unahusiana na vidole vya namna hii, ila bado hakuna uhakika.

Fundi alitoka na neno moja tu: kurithi. Binti anakohoa tangu miezi ya baridi. Mwenyewe husema ni vumbi la nyuzi.

Vidole vinaweza kusubiri upasuaji. Tepu ameshanunua, kiburi amekimeza. Anachotaka ni majibu, ili binti naye apimwe mapema, na ikibidi cherehani yake ihamie barazani, kwenye hewa.

Binti anaingia, anaamkia. Fundi anaitikia huku akigonga meza.

"Weka mkono."

"Baba, si jana tu nimeweka?"

"Weka, mama."

Kiganja kinalala chote. Fundi anakitazama, anakibonyeza, hatosheki. Anaomba na wa kushoto. Binti anauweka, kisha anageuza uso pembeni ili akohoe.