Ngege Waliofungwa kwa Waya Wangu

Msinicheke. Au chekeni tu, Homa Bay nzima imeshacheka.

Niliitwa kutoka Rongo kuandaa kompyuta ndogo ya akiba ya mashine ya barafu, pale wachuuzi wanapohifadhi samaki. Niliiweka mezani, nikaipa anwani ya mtandao ileile ya kompyuta iliyokuwa ikiendesha mashine, maana ndiyo ingerithi kiti chake. Nikaringa, "Mimi sizimi kitu. Programu ya kuwashia inapita kwa waya tu!"

Nikiwa nimeinamia kibodi, Min Akinyi, mchuuzi wa ngege, wale sato wa ziwani, aliniuliza, "Fundi, hii waya ya dirishani ni ya kutupa?"

"Chukua, mama, usinisumbue!"

Nikatuma programu. Skrini yangu ikasema imefika. Ile ya mezani, giza. Nikatuma tena. Imefika, giza. Nikamfokea mlinzi azime redio yake, nikawafukuza wanawake mlangoni, nikailaumu stima, halafu nikatuma tena kwa hasira.

Min Akinyi akaingia mbio, leso imelowa. "Yawa, fundi! Mashine imezima tangu uanze kubonyeza! Samaki wetu wataoza!"

Nikaisoma tena anwani. Programu ilikuwa ikifika kweli, lakini kwenye kompyuta ya mashine ya barafu yenye anwani ileile, ikiizima na kuiwasha upya kila nilipotuma, kwa sababu ile ya mezani haikuwa imeunganishwa na chochote. Nikageuka dirishani kutafuta waya wake.

Ulikuwa mkononi mwa Min Akinyi, umepitishwa mashavuni mwa ngege watatu wanono.

"Lakini waya yako ni nguvu, fundi," akasema. "Hii ndiyo kitu moja imefanya kazi leo."