Vyuma vya Jepkosgei

Kule Dundori, ukiuliza nyumba ya Linah Jepkosgei, huenda mtu akakuna kichwa kwanza. Lakini ukiuliza kwa Daktari wa Pikipiki, hata mtoto wa nasari atakupeleka mpaka langoni. Udaktari wenyewe ulikuwa wa ng'ombe. Alizaliwa upande wa Ravine, serikali ikampeleka Dundori akiwa bado msichana, ikampa Yamaha na mtungi wa barafu wa kubebea mbegu za madume, ikamwambia azunguke kwa wafugaji akawapandishie ng'ombe wao. Wakati huo mwanamke juu ya pikipiki alikuwa kioja. Watu walikuwa wakiacha majembe shambani waje barabarani kumtazama akipita na buti zake na kofia ya chuma, mtungi umefungwa nyuma kwa mpira.

Walipomzoea, wakaanza kumtegemea. Ng'ombe anapotaka dume hana subira. Leo yuko tayari, kesho ameshapoa, na mfugaji amepoteza wiki tatu nzima. Siku moja ya mvua klachi iliungua akiwa njiani kwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu. Akasukuma ile pikipiki matopeni mpaka giza likamkuta, akalala kwa watu. Alipofika asubuhi, mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda akikamua. Hakumkaripia. Alisema tu, bila hata kugeuka, "Daktari, ng'ombe hangoji spea."

Maneno hayo yalimwingia. Mwezi huohuo alinunua klachi pleti za akiba kwa fedha zake mwenyewe, akazifunga kwa gazeti, akazitia chini ya kitanda.

Mwanzoni ilikuwa akili nzuri tu. Serikali ilipoacha kazi hiyo na pikipiki zake zikapigwa mnada, Jepkosgei aliinunua ile aliyokuwa akiiendesha, akaendelea kupandisha ng'ombe kivyake. Wenzake walionunua zao walichoka nazo upesi. Mmoja akataka kuiuza kwa watu wa skrepa, wanunuao chuma kwa kilo, Jepkosgei akaifuata mpaka Njoro. Mwingine alikufa, mjane wake akamwita aje aondoe lile lidude uani. Pikipiki za aina ile ziliacha kuletwa, maduka ya Nakuru yakajaa spea za bodaboda mpya, na kila aliposikia kwamba mahali fulani kuna kabureta au tangi au rimu ya kizamani, alikwenda.

Kisha goti likamshinda. Vijana wa mifugo wenye diploma na pikipiki mpya wakachukua wafugaji wake mmoja mmoja, naye hakuwalaumu. Aliegesha Yamaha yake ghalani, akaifunika kwa magunia. Ungedhani kununua spea nako kungekoma hapo. Ndiyo kwanza kulishika kasi. Aliuza ng'ombe wake wawili, na zizi likawa la injini. Zizi lilipojaa akaezeka kibanda kingine. Kibanda kilipojaa, vyuma vikaingia nyumbani. Nyuma ya kochi palikuwa na matangi, kabati la vyombo lilikuwa na magneto na plagi, na pistoni alizivisha soksi kuukuu akazipanga kwenye droo alimokuwa akiweka vitambaa vya meza.

Binti yake, Kimberly, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa mjini Nakuru, alipokuja Krismasi alikuta silinda kwenye kitanda alicholalia tangu utotoni.

"Mama, hizi vitu unawekea nani?"

"Siwekei mtu. Ziko tu."

"Na mimi nilale wapi?"

Jepkosgei alizihamisha zile silinda hadi sakafuni, moja moja, kwa uangalifu, na Kimberly akalala. Habari ikaishia hapo. Lakini tangu hapo binti akawa anakuja asubuhi na kurudi mjini jioni.

Mwaka mmoja kabla ya ziwa la Naivasha kufurika, alifika mtu mmoja wa huko, Maxwel Ogola. Alikuwa fundi wa mapampu kwenye shamba la maua, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mjukuu wa mtu wa reli, na alikaa Kihoto, karibu na ziwa. Wikendi alikuwa akifufua pikipiki za zamani. Alikuwa na Yamaha kama ile ya Jepkosgei, karibu inakamilika, ila ilikosa klachi pleti, na kila fundi aliyemuuliza alimtajia mwanamke wa Dundori.

Jepkosgei alimkaribisha chai. Alimwonyesha hata sanduku la klachi pleti.

"Unazo ngapi, mathe?" Ogola aliuliza, macho yamemtoka.

"Hazitoshi."

"Niuzie seti moja tu."

"Siuzi."

Ogola aliyatazama yale matangi nyuma ya kochi, kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilikuwa cha mtu aliyeingia nyumba ngeni akakuta picha yake mwenyewe ukutani. Alimaliza chai, akamwachia namba ya simu, akaenda zake mikono mitupu.

Ziwa lilipopanda, Jepkosgei alipata habari kwa Jerry, dereva wa pikapu aliyekuwa akipeleka viazi Naivasha. Jerry alimwambia Kihoto kote ni maji, watu wanahama kwa mashua, viboko wanatembea mahali palipokuwa na kinyozi. Jepkosgei alisikitika kama mtu yeyote angesikitika. Lakini wazo la kwanza kumjia lilikuwa jingine: yule Ogola sasa hana pa kuweka spea zake. Atauza. Na akiuza kwa haraka, atauza kwa bei ya kutupa.

Aibu ilikuja baadaye kidogo, na haikukaa sana. Kesho yake alipanda pikapu ya Jerry, nyuma tupu, wakateremka.

Barabara ya kuingia Kihoto ilizama ghafla, kama iliyokatwa kwa kisu. Hapo ukingoni palikuwa na watu na mali zao: masufuria, meko ya gesi, mbuzi wamefungwa kwenye kiti cha plastiki. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya meza iliyopinduliwa, mikono kiunoni, akitazama majini. Jepkosgei alimuuliza kama anamjua Ogola.

"Ni bwanangu," yule mwanamke alisema. Jina lake Valarie. "Ngoja tu, utamwona akikuja na meli yake."

Na kweli alikuja. Maji yalimfika kifuani. Mbele yake alikuwa akisukuma friza kuukuu iliyolazwa chali, mlango umeng'olewa, na ndani ya friza, kama watoto kwenye karai la kuogea, kulikuwa na injini, masanduku ya misumari, silinda na mashada ya kebo.

"Ebu angalia, mathe," Valarie alisema. "Godoro yangu iko ndani ya maji, kabati iko ndani ya maji. Na mtu ameokoa injini."

Ogola alifika nchi kavu akihema. Alimtambua Jepkosgei mara moja, akaitazama pikapu, akaiona ni tupu.

"Daktari. Umekuja kununua."

"Nimekuja kununua," Jepkosgei alikubali. Hakuona sababu ya kudanganya.

"Siuzi."

Alisema vilevile alivyoambiwa yeye kule Dundori, tena bila kinyongo. Jepkosgei alimtazama yule mtu aliyelowa, matope mpaka kwenye nyusi, mkono mmoja bado umeishika friza isije ikaelea ikaondoka, kisha akamtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikumbuka uso wa Kimberly ile Krismasi.

Valarie aliwatazama wote wawili kwa zamu.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe mko wengi."

Kisha akamgeukia Jepkosgei. "Mathe, kwako kuna nafasi?"

"Hakuna."

"Basi itafutwe. Sisi tunaenda kwa dada yangu, chumba moja, na ako na watoto. Mimi silali na injini. Wewe ndio umekuja na gari."

Jerry, ambaye hakuulizwa, alishuka akafungua mlango wa nyuma wa pikapu. Walivitoa vile vyuma kwenye friza wakavipakia, maji ya ziwa yakichuruzika mpaka barabarani, na Ogola alirudi mara mbili zaidi kuleta vilivyobaki. Safari ya tatu, kwa kuwa mkewe alikuwa ameacha kumsemesha, alileta pia godoro.

Kule Dundori, ili mali ya Ogola ipate pa kukaa, ilibidi Jepkosgei asogeze yake. Na ili asogeze, ilibidi aguse masanduku ambayo hakuyagusa tangu siku alipoyafunga. La kwanza lilipasuka mikononi. Karatasi ilikuwa imeoza. Ukungu wa Dundori hauna mlango usioujua. Gasketi zilikuwa zimegandana kama chapati za jana. Panya walikuwa wamezalia ndani ya vichujio vya hewa. Mipira ya breki ilikatika alipoikunja, pete za pistoni zilikuwa zimefanya kutu ndani ya soksi. Alilifungua sanduku la klachi pleti mwisho, kwa kuwa alishajua. Koki, ule utando laini unaobandikwa juu ya chuma, zilikuwa zimevimba na kubanduka, zikamwagika mapajani mwake kama magamba.

Alikaa juu ya injini moja. Hakulia, hakuwa mtu wa kulia. Alichoona ni kitu kidogo tu, na alishangaa kwamba hakukiona mapema: kwamba alipenda kuvipata na kuvifunga, na baada ya hapo hakuwahi kutaka kuviangalia.

Jumamosi Ogola alikuja kuosha vyuma vyake. Alileta dizeli kwenye jerikeni na brashi ya viatu, akakaa uani akisugua matope ya ziwa, akifuta, akipaka oili, akianika kwenye bati. Jepkosgei alimtazama kutoka dirishani hadi karibu na saa sita. Kisha akatoka na lile sanduku, akaliweka miguuni pake.

Ogola alilifungua. Alichukua pleti moja, akaigeuza.

"Hizi zilitaka oili tu, Daktari. Mara kwa mara."

"Najua. Nilikuwa nafundisha watu hivyo."

Jepkosgei alingoja Ogola aseme jambo jingine, la kumchoma, maana yeye ndiye aliyemnyima. Ogola alirudisha pleti ndani ya sanduku.

"Chuma iko sawa," alisema. "Ni koki imeenda. Kuna fundi Nakuru anabandika upya. Leta hiyo brashi ingine."

Wakafanya hivyo Jumamosi nyingi. Ilikuwa ajabu ya aina yake: vya Ogola, vilivyozama, vikaoshwa vikapona, vya Jepkosgei, vilivyokaa pakavu, ndivyo vilivyokuwa vikitupwa. Vilivyooza alivitoa mwenyewe hadi langoni. Wa skrepa alipokuja, Jepkosgei aliingia ndani akawasha redio, akaongeza sauti mpaka pikapu ilipoondoka.

Wakati mwingine Valarie alikuja na mumewe. Hakugusa chuma. Aliketi jikoni na Jepkosgei akichambua mboga, na walizungumza habari za nyumba za kupanga, za shule, za dada yake Valarie ambaye sasa alikuwa akihesabu sukari. Siku moja Kimberly alikuwapo pia. Aliingia sebuleni akaona ukuta nyuma ya kochi, akasimama kuutazama kana kwamba umepakwa rangi mpya.

Pikipiki ya Jepkosgei ndiyo waliyoifufua kwanza, kwa silinda ya Ogola na zile pleti zilizobandikwa Nakuru. Iliwaka baada ya kupigwa mateke mengi mno, ikajaza ua moshi wa buluu, na kuku wakakimbilia kwa jirani. Ogola alimpa Jepkosgei kofia yake. Kimberly alisema, "Mama, goti," lakini mama alikuwa ameshakaa.

Alizunguka shamba la viazi mara moja, polepole, kwenye gia ya pili, mgongo umenyooka. Goti liliuma vibaya. Kwenye kona ya chini injini ilizimika, akabaki amekaa palepale juu yake, amewapa mgongo, mpaka Ogola akateremka kumsukuma. Alipomfikia alikuta ana uso wa kawaida kabisa.

"Kabureta inataka kusafishwa," Jepkosgei alisema.

Hakuendesha tena. Alisema imetosha, na hakuna aliyembembeleza. Baada ya miezi kadhaa Ogola na Valarie walipata nyumba ya kupanga Naivasha, upande wa juu mbali na maji, Ogola akaja na Jerry kuchukua vyuma vyake. Jepkosgei alimwongezea masanduku mawili ya vyake vilivyopona. Zizi likabaki na nafasi, Kimberly akamnunulia mtamba mmoja, naye alimpokea, akamfunga humo, akaanza tena kuamka alfajiri kama zamani.

Msidhani kwamba alipona kabisa. Juzi hapa mtu wa Longonot alimpigia simu akisema ana mzoga wa Yamaha nyuma ya banda la kuku. Jepkosgei alijaribu kukaa siku mbili bila kufanya lolote. Siku ya tatu alimpigia Ogola.

"Twende tuione tu," alisema.

"Tuione tu," Ogola alikubali.

Walimkuta mwenye mali amelitumia tangi kunyweshea kuku, na hakutaka kuachana nalo. Injini ilikuwa nzima. Waliinunua kwa ushirika, kisha wakagombana njia nzima mpaka Naivasha ni nani atakayeiweka, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mpaka wakaamua iende kwa Ogola kwa sababu kulikuwa karibu, na pia Valarie alikuwa kazini. Waliishusha kando ya mlango, wakaifunika kwa khanga ya zamani, wakaketi kunywa chai.

Valarie alirudi jioni. Alisimama mlangoni, akainua ncha ya ile khanga, akaangalia, akaishusha. Kisha akaingia ndani akamsalimu Daktari kwa mikono miwili, akamuuliza kama mtamba wake ameshashika mimba.