Sabuni Katika Kila Sinema

Mume wangu alikuwa mwongo wa kuajiriwa. Nasema hivyo nikimpenda, tena alishakufa, hawezi kunibishia.

Kazi yake ilikuwa kushika maikrofoni kwenye gari la sinema. Gari lenyewe lilikuwa la kampuni ya sabuni. Lilifika kwenye shamba la pareto tulikokuwa vibarua, wakatundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, giza likiingia jenereta ikaanza kunguruma. Sinema zilikuwa kuukuu, za wakati ule sinema zilipoanza kusema. Za Wahindi, za Wamisri, za Wazungu wa kila aina. Zilikuwa zimekatika na kuungwa hadi mtu anaingia mlangoni kwa miguu na kutokea upande wa pili amepanda farasi.

Zilisema, ndiyo, lakini hazikusema nasi. Kwa hivyo yeye alipunguza sauti yao akaweka yake, kwa Kiswahili, maana shambani tulikuwa watu wa kila kabila. Na kwa vile gari lilikuwa la sabuni, kila sinema ilibidi iwe na sabuni. Mfalme wa Misri akichomwa kisu, alikufa akiuliza sabuni yake iko wapi. Tuliamini. Tukasema kumbe wafalme nao huoga.

Sasa niko hapa New Hope, Minnesota, kwenye nyumba ya binti yangu. Yeye ni nesi. Mtoto wake wa kike naye alikuwa anasomea unesi kama watoto wa Wakenya wote hapa, mpaka akaamka siku moja akasema anahamia masomo ya sinema. Mamake alilia kama aliyeletewa habari za msiba. Alipomaliza kulia akaweka sharti: upate A kwenye hili somo la kwanza, la sivyo Januari unarudi unesi. Mimi nilikuwa upande wa mama. Nilisema sinema si kazi, nilishaolewa nayo.

Somo lenyewe lilikuwa la sinema za kwanza kusema, kila nchi ilianzaje kutengeneza zake. Mjukuu alinieleza tukiwa ndani ya gari, kwa Kiingereza chake, mimi nikijibu kwa Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Aliniambia Wazungu walikuwa wanapiga sinema moja mara tatu nne, kila lugha na waigizaji wake. Nyumba ile ile, viti vile vile. Mfaransa akitoka, Mjerumani anaingia na kukalia kiti ambacho bado kina joto. Nikasema hao walikuwa na vichwa vigumu. Sisi tulikuwa na mtu mmoja na maikrofoni, na alitosha dunia nzima.

Hapo ndipo akanisomea karatasi aliyomwandikia profesa. Ilikuwa juu ya guka wake, yaani babu yake. Alimwita mfasiri. Ati aliwaletea wakulima maneno ya mataifa bila kupoteza hata moja. Kiingereza nakisikia kuliko wanavyodhani, ila huwa nanyamaza ili watu waendelee kusema. Siku hiyo pia nilinyamaza. Mtoto alikuwa na furaha, na ilikuwa tamu kumsikia yule mzee akisifiwa kwa kitu. Hilo ni kosa langu, sitamsingizia mtu.

Profesa alitaka kila mwanafunzi aoneshe dakika kumi za sinema. Mjukuu akaamua mimi nikae mbele ya darasa nifanye kama guka: nieleze kwa Kiswahili, naye aniwekee Kiingereza. Chuo kiko karibu na mtaa wa Cedar-Riverside. Nilivaa kofia ya sufu na koti la binti yangu, nikapewa maikrofoni.

Sinema ilikuwa ya Wahindi. Mama mzee yuko kitandani anakufa, mwanawe amepiga magoti. Mjukuu alikuwa amenisomea maneno yote nyumbani: mama anamwomba amsamehe ndugu yake, kisha anambariki. Nilianza vizuri. Nilimsamehesha ndugu. Lakini mama yule hafi! Anakohoa, anatazama dari, anakohoa tena. Nikaona wanafunzi wanasinzia. Mkono ukakaza ile maikrofoni na mdomo ukaenda wenyewe.

"Mwanangu," nikasema, "kabla sijaenda, niletee ile sabuni ya kipande kirefu, inayotoa povu hata kwa maji ya mtoni."

Mjukuu akanigeukia. Kisha akaitafsiri, sabuni na povu lake.

Msichana mmoja wa Kihindi nyuma akaangua kicheko. "Hakuna sabuni!" akasema. "Anamwombea mwanawe baraka!"

Profesa akasimamisha sinema. Akamwambia mjukuu aniulize: mume wangu alikuwa anafasiri, au alikuwa anatunga?

Mtoto aliuliza, lakini macho yake yalikuwa yananisihi niseme anafasiri. Nilimwona. Nikasema ukweli, kwa Kiswahili.

"Alikuwa anatunga. Kihindi hakukijua hata salamu. Siku moja Mhindi mmoja kwenye shuka alimtazama mpenzi wake, na mume wangu akasema, 'Huyu kijana anasema msichana wa kitambaa chekundu, aliyekaa karibu na gurudumu la gari, ana miguu mizuri, naye kijana anataka kujua kama ameposwa.' Mwenye kitambaa chekundu alikuwa mimi. Yule Mhindi alinionea wapi?"

Darasa zima lilikuwa linangoja. Mjukuu angeweza kusema lolote; nani angemkamata? Mimi tu. Akaitafsiri yote, neno kwa neno, hata miguu.

Walipomaliza kucheka, profesa akamrudishia karatasi. Akasema alichoandika hakikuwa kweli, aandike upya kufikia Ijumaa.

Tulipoegesha gari akanigeukia, akaniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Shosho, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nisome yote?"

"Ulikuwa umeandika vizuri."

Binti yangu alikuwa mlangoni na sare yake, anangoja gari aende shifti. "Ni A?"

"Bado," nikajibu. "Anaandika upya."

"Basi ni unesi."

"Nyamaza kwanza. Leo huyu amesimama mbele ya watu akajiharibia kazi yake mwenyewe kwa kusema kweli. Babako hakufanya hivyo hata siku moja. Mwache amalize."

"Mama, si wewe ulisema sinema si kazi?"

"Si kazi. Mwache."

Akachukua ufunguo. "Ijumaa," akasema, akatoka bila kufunga mlango vizuri, baridi yote ikatuingilia.

Mjukuu akafungua kompyuta mezani. Akaniuliza kama kuna sinema hata moja ambayo guka aliimaliza bila sabuni. Nikafikiri sana.

"Moja," nikasema. "Ile ya kitambaa chekundu. Sabuni aliisahau kabisa. Dereva alimfokea mbele yetu sote."

Akaanza kuandika.

"Hiyo iandike," nikamwambia, "lakini miguu uitoe."

"Sitoi," akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Kiburi hicho ni cha guka wake.