Kioo Kilichogeuka Cheusi Upande Wangu

Mjukuu wangu anasoma chuo Dar es Salaam, na likizo zake zote huzimalizia kwetu Bagamoyo, kwangu mimi na bibi yake. Likizo moja alikuja na gemu ya mkononi. Ilikuwa mfano wa kile kibao walichokuwa wakiandikia watoto wa madrasa zamani, kioo katikati, vitufe huku na huku. Bibi yake aliitazama, akaguna, akamwambia, "Mke mwenza, umeletewa mchumba wa plastiki." Kwetu bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenza, na mjukuu naye hujibu bila woga. Alijibu, "Mume ni wako bibi, mimi nimemwazima tu."

Baada ya swala ya alasiri nina kawaida ya kukaa uani, kwenye benchi la saruji chini ya upenu, nikavuta uradi wangu mpaka magharibi inapokaribia. Mjukuu wangu alizoea kuja kukaa kushoto kwangu na gemu yake. Mbele yetu uko ukuta uliopakwa chokaa, na juu ya jiko mabati mapya, na saa hizo jua hulipiga bati, bati likalirudisha ukutani, ua mzima ukawaka kama ndani ya taa. Yeye alikuwa akikikunjia uso kioo chake, akakigeuza huku na kule, akakifunika kwa mtandio. Mimi nilikuwa na tasbihi yangu.

Sasa, nilidhani gemu zote ni za bunduki na magari. Ile haikuwa hivyo. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja amevaa joho, ana farasi, anatembea katika nchi isiyo na watu. Vilima, majani yanalala kwa upepo na kuinuka tena, mto unaopita taratibu, na mvua unayoiona inakuja kutoka mbali kabla haijakufikia. Mjukuu wangu hakuwa na haraka na nchi ile. Alikuwa akimsimamisha mtu wake juu ya kilima, anaacha tu upepo uvume. Nami niliyaona yote hayo kwa pembe ya jicho la kushoto, bila kugeuza shingo. Shanga zilikwenda vidoleni. Subhanallah nyingine zilikuwa za uradi, na nyingine, Mungu anajua, zilikuwa za wale ndege weupe walioruka kutoka kwenye majani.

Nilipokuwa kijana nilipelekwa kusomesha watoto huko Mkange, na mara nyingi nilitembea asubuhi peke yangu, kanzu nimeikunja, umande unanilowesha hadi magotini. Baada ya masika nchi ile ilikuwa kimya hivyo hivyo. Unasikia nyayo zako, unasikia mdudu mmoja, halafu husikii kitu. Pale benchini, jua likiwa ukutani na sauti ndogo ya kwato ikitoka mkononi mwa mjukuu wangu, nilijikuta niko katika njia ile ya Mkange. Wakati mwingine nilishtuka kusikia mwadhini, kama mtu aliyeamshwa.

Sikumwambia kitu. Sisi tumelelewa kwamba kilicho mkononi mwa mtu hukiulizi, kama usivyofunua sufuria ya jirani. Unakaa kando, na mwenyewe akipenda atakugeuzia uone. Yeye hakunigeuzia, mimi sikuomba. Tena mzee aliyeshika tasbihi ataanzaje kuuliza habari za farasi wa kwenye gemu?

Hapa sina budi kueleza habari ya macho yangu. Nina presha ya macho, na la kushoto ndilo lililozidi. Natia dawa ya matone asubuhi na jioni, na hilo nyumbani walilijua. Ambalo sikuwaambia ni maneno ya daktari. Aliniambia, "Mzee, maradhi haya hayapigi hodi mlango wa mbele. Yanaanzia pembeni. Utasoma vizuri, mbele utaona vizuri, kumbe vitu vya pembeni vinakukosa kimoja kimoja. Ukiona hivyo usingoje, njoo." Nilishukuru nikarudi nyumbani, na maneno yale nikayaweka moyoni, kwa kuwa sikuona faida ya kuitia nyumba hofu.

Basi siku moja mjukuu wangu alikwenda Kariakoo na rafiki zake. Kesho yake, baada ya alasiri, akaja akakaa kushoto kwangu kama kawaida. Nilianza uradi, na baada ya kitambo nikalituma jicho pembeni, kwenye nchi yetu. Haikuwapo. Pale palipokuwa na vilima palikuwa peusi, kama kitako cha sufuria. Vidole gumba vyake vinacheza, uso wake una mwanga, sauti ya upepo inakuja na kwato zinakwenda, lakini nchi imeondoka.

Nililisogeza jicho. Mtandio wake niliuona. Herini niliiona. Kuku aliyelala karibu na mguu wake nilimwona. Kilichokosekana ni kioo peke yake. Kimoja kimoja, alisema daktari.

Sikugeuza shingo. Nikasema moyoni kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, nikaushika uradi pale nilipouachia. Siku iliyofuata nilijaribu tena, ikawa vile vile, na iliyofuata hali kadhalika. Nikayakinisha kwamba jambo limefika.

Nataka kusema kweli kuhusu siku zile: hazikuwa siku mbaya. Nilikwenda kila mahali kama mtu anayefunga mizigo ya safari ndefu, naangalia cha kuchukua. Niliangalia mikono ya mke wangu akipepeta mchele, jinsi punje zinavyopanda na kushuka pamoja kama kitambaa kimoja. Niliangalia lundo la mananasi yaliyoletwa kutoka Kiwangwa, manjano inavyoanzia chini na kupanda. Nilitembea mpaka kwenye mashamba ya chumvi, nikasimama mbele ya weupe ule mpaka macho yakatoa machozi, nikashukuru kwamba yanaweza kutoa machozi. Kila kitu kilikuwa na ukimya wa ile nchi ya farasi. Kilichonitisha kilikuwa kimoja. Aya ninazo kifuani, hizo sihitaji macho. Lakini wale watoto wanaokuja kusoma kwangu asubuhi, wanapoteleza, mimi huona kwanza kwenye vidole vyao: kidole kinasita juu ya herufi kabla ulimi haujakosea. Nitawasomesha vipi nisipoviona vidole vyao?

Nilianza kujizoeza. Nafumba macho, natoka chumbani, nahesabu milango kwa kiganja mpaka kwenye mtungi. Mke wangu akanikuta nimeukumbatia ukuta wa ukumbini.

"Unapapasa nini, bwana wee? Nyumba ni ile ile, hujahama."

"Najifunza."

"Unajifunza nini na uzee huu?"

"Subira."

"He! Subira umewasomesha watu miaka yote, leo ndiyo unaanza kuisoma wewe?" Akanipita na ndoo yake, anacheka.

Niliazimia kwamba Ijumaa, tukishatoka msikitini na kula, nitawaambia wote wawili. Lakini kabla ya Ijumaa, tulipokuwa tumekaa benchini, wingu lilikuja ghafla kutoka upande wa bahari na matone yakaanza kupiga bati. Mke wangu akapaza sauti kutoka ndani:

"Mke mwenza! Nguo hizo! Au mpaka mchumba akuruhusu?"

Mjukuu wangu akaruka. Akaniwekea gemu mapajani. "Babu nishikie. Usibonyeze kitu, jamani." Akakimbilia kamba.

Niliinamisha kichwa ili nisikiangushe kitu cha watu. Na nchi ilikuwapo. Ilikuwapo yote, vilima na mto, na mtu wa joho amesimama ukingoni anangoja, farasi anatikisa mkia. Nikafumba jicho la kulia, nikaangalia kwa la kushoto peke yake. Iko. Nikakiinamisha kioo kidogo kulia: giza likaingia kama pazia. Nikakirudisha: mchana. Nikakiinamisha kushoto: giza. Nikawa nafungua na kufunga, nafungua na kufunga, mvua inapiga juu yetu, na sikumbuki nilisema nini, ila midomo yangu ilikuwa inakwenda.

Alirudi na nguo begani. "Babu, umekifanya nini?"

"Mbona hiki kinazimika?"

"Hakizimiki, babu. Ni protekta ya praivasi, nimebandika juzi Kariakoo. Aliye mbele anaona, wa pembeni anaona giza. Halafu haing'ai. Lile jua la mabati lilikuwa linanifanya nione uso wangu tu."

"Ya jua nimeelewa. Na wa pembeni ni nani humu uani? Kuku?"

Alicheka, kisha akaficha uso kwenye nguo zilizolowa. "Wewe."

"Mimi?"

"Niliona nakuharibia uradi. Mwanga unakupiga kwenye jicho lako lile baya, halafu nacheza pembeni ya mtu anamtaja Mungu. Nilikuwa naona haya, babu. Kuhama nikaona utadhani nakukimbia. Nikasema bora nibandike hii, nikae na wewe nisikusumbue."

"Lakini mimi nilikuwa natazama."

"Ulikuwa unatazama?"

"Kila siku."

"Babu! Na tasbihi?"

"Tasbihi ilikuwa inakwenda."

Mke wangu alikuwa mlangoni na kapu la vibanio. "Ahaa! Ndiyo maana uradi umekuwa mrefu likizo hii! Mimi najisifu mume wangu kawa walii, kumbe yuko sinema na mke mwenzangu."

Tulicheka sote, mimi zaidi, mpaka nikashindwa kunyamaza, na mke wangu alipoona kicheko changu hakiishi akaweka kapu chini. Ndipo nikawaeleza. Niliwaeleza maneno ya daktari, na kioo cheusi, na mtungi, na vidole vya watoto. Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu kwenye ukingo wa bati.

"Kwa hiyo ulikuwa unakwenda upofuni," mke wangu akasema polepole, "bila hata kuniaga."

Nikamsogezea nafasi benchini.

Mjukuu wangu alikuwa ameshaingiza ukucha pembeni ya kioo, anataka kuibandua ile protekta. Nikamzuia mkono. Nikamwambia kitu alichonibandikia kwa heshima asikibandue kwa majuto. Akaiacha, lakini uso wake haukutulia. "Babu, daktari alisema ukiona hivyo usingoje. Wewe uliona hivyo, ukangoja. Kama ingekuwa kweli?"

Hilo nililirudia usiku kucha. Nilikuwa nimeuita ule unyamavu wangu subira, na mtoto akaniuliza swali ambalo sikupata kujiuliza. Wiki ile ile tukaenda Dar es Salaam kwa daktari, mimi na yeye.

Kipimo chao ni hivi. Unaingia katika chumba cha giza, unaweka kidevu kwenye kiegemeo chake mbele ya bakuli kubwa jeupe, jicho moja linafunikwa, unapewa kitufe mkononi. Katikati kuna taa ndogo ya manjano, hiyo ndiyo unaitazama. Nuru nyingine ndogo zinatokea pembeni, hapa na pale, na kila ukiona moja unabonyeza. Nilisikia sauti yake mlangoni kabla hawajafunga: "Babu, ni gemu tu. Usizifukuze kwa macho. Tazama katikati, zitakuja zenyewe."

Zilikuja. Nyingine zilikuwa na nguvu, nyingine hafifu kama kitu ulichokiota ukakisahau. Nilibonyeza na kushukuru, nilibonyeza na kushukuru. Kulikuwa na wakati ambapo hakikuja kitu kwa muda mrefu, na sikuwa na njia ya kujua kama hakuna nuru au ipo na mimi siioni. Nilitazama katikati. Kisha nyingine ikatokea chini, kulia, nikabonyeza.

Daktari alituonyesha karatasi. Pembe moja ya juu, jicho la kushoto, imefifia; imefifia kitambo, wala si ya wiki hizi. Kwingine kote kuko salama. Niendelee na matone, nirudi kwa wakati niliopangiwa, na safari hii mjukuu wangu aliuandika wakati huo kwenye simu yake, wala hakunitaka ushauri.

Kurudi, alinikalisha dirishani, upande wa kushoto wa basi, akaniambia nitazame mbele na nisigeuke. Tulipoiacha foleni ya mjini akaanza kunipima. Wauza miche ya maua wamepanga makopo yao kando ya barabara: babu, wale umewaona? Nimewaona. Fundi anapiga msasa kitanda kipya: yule? Nimemwona. Mama na mwavuli wa kijani. Mnazi uliovunjika kichwa. Shati jekundu juani, peke yake kwenye kamba ndefu.

"Lile, babu?"

"Nimeliona," nikasema. "Nimeliona."