Goli Tupu la Ikuti

Nilikuwa Makandana nikishusha mikungu ya ndizi nilipoambiwa kwamba yule mama mshambuliaji wa Ikuti amefariki. Wasomaji wangu mnaonijua kwa kuhamahama mtashangaa nikimlilia mchezaji, maana shule niliikimbia mapema na mpira sikuwahi kuujua. Lakini siku aliyoshinda nilikuwepo, nimepita tu kuuliza kelele zile ni za nini.

Timu ya wanawake ya Ikuti ilikuwa haijawahi kushinda. Mwenye kiwanja, mtu asiyependa soka, alishatangaza: wasipowafunga jirani zao wa Kyimo safari hii, anapanda viazi hapo. Mechi ikawa inaelekea kwisha, bila kwa bila, naye kashafika na jembe. Mama yetu amesimama mbele ya goli la Kyimo, anahema. "Mama, keti upumzike, viazi vinakuja!" mashabiki wa Kyimo wakamtania. "Mtavimenya nyie!" akawajibu. Mara ng'ombe akatokea nyuma ya goli, na nyuma ya ng'ombe mzee mwenye fimbo, mwenyeji wa hapo hapo Ikuti. Kipa wa Kyimo akageuka, akamtambua: baba mkwe wake! Kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana aliyelelewa kizamani hakutani uso kwa uso na baba mkwe, humpisha njia. Kipa akajifunika uso kwa glavu, akatimkia migombani. "We, rudi golini!" kocha wake akafoka. "Baba mkwe huyo!" ikajibu migomba. Mpira ukamfikia mama yetu, akaugusa kwa ugoko. Ukabingirika taratibu, ng'ombe akiutazama, hadi ukavuka mstari. Mwenye kiwanja akatia jembe begani, akaenda zake bila kuaga. Mabinti wanacheza pale mpaka leo.

Tulipombeba juu juu alipiga kelele: "Jamani, nishusheni! Goli lilikuwa tupu. Mshukuruni mzee na ng'ombe wake!" Kisha akamwendea mzee, akapiga goti: "Ndaga fijo, baba." Asante sana. Mzee hakuelewa anashukuriwa nini. Alikuwa anahangaika na ng'ombe. Na kila mgeni aliyemsifu baadaye, mama alimsimulia hivyo hivyo, bila kujiongezea hata chenga moja.

Nimezurura kwingi, nikakaa na matajiri, wakubwa na mabingwa. Wengi wao walikuta goli tupu, na wote wamenieleza kwa kirefu jinsi walivyomlaza kipa. Ukifunga goli tupu, shangilia, ndugu yangu, ni goli halali. Ila ukiulizwa, sema kipa alikuwa migombani.